Tintin kwenye simu ya binti yangu: kitabu achungwe na mahakama ao na mzazi?

Jioni moja mwezi uliopita, umeme ukiwa umekatika kama kawaida hapa Bukavu, binti yangu wa miaka tisa alikuwa amekaa karibu na mlango akiangalia simu ya mama yake. Nilifikiri anacheza michezo. Baada ya muda akainua kichwa na kuniuliza: "Papa, juu ya nini hawa batu bote beko na sura moja?"

Nikasogea. Kwenye kioo cha simu kulikuwa kijana mzungu mwenye kishungi cha nywele, mbwa mweupe, na kundi la watu weusi kama makaa, midomo mikubwa, macho ya kushangaa, wote wakifanana kama matofali yaliyotoka katika kalibu moja. Ilikuwa ni Tintin au Congo. Mtu fulani alikuwa ameituma kwa PDF katika kundi la WhatsApp la wazazi wa shule, pamoja na vitabu vingine zaidi ya ishirini, akisema watoto wajisomee wakati wa vakansi.

Nilifanya kile ambacho wazazi wengi wangefanya. Nilichukua simu, nikafuta kitabu, nikamwambia hicho si cha watoto. Hakuuliza tena. Siku tatu baadaye nikamkuta kwa jirani, katikati ya watoto wengine wanne, kitabu kile kile, wanacheka.

Kwenye kundi la wazazi mambo yalikuwa yameshachemka. Papa mmoja alidai vitabu vyote vya PDF vikatazwe kabisa, kwa sababu hatujui ndani kuna nini. Mama mmoja akajibu kwamba asiyetaka afute kwenye simu yake, asiwafutie wengine. Wengine wakaingia, maneno yakawa makali, na mwenye kusimamia kundi akalifunga kwa siku tatu. Ndiyo marufuku ya kwanza ya vitabu niliyoishuhudia kwa macho yangu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaianza nyumbani.

Lakini lazima niseme ukweli. Nilipokuwa na miaka kama kumi na moja, albamu hiyo hiyo, kuukuu, bila jalada, ilikuwa inazunguka darasani kwetu, kila mtoto akipewa zamu ya usiku mmoja. Nilicheka sana. Wala sikuona kwamba anayechekwa ni mimi. Sisi wote tulijiweka upande wa Tintin. Wale weusi wa kwenye picha walikuwa watu wa mahali pengine, labda porini, labda zamani. Hakuna mtu mzima aliyekaa nasi kutuambia lolote. Nilikuja kukisoma tena nikiwa chuo kikuu, na siku hiyo sikucheka.

Alichora bila kufika

Hergé, ambaye jina lake halisi ni Georges Remi, alikuwa na miaka 23 tu alipoanza kuichora habari hiyo mwaka 1930. Ilitoka kidogo kidogo katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la kikatoliki la Brussels, Le Vingtième Siècle. Mkuu wa gazeti, padri Norbert Wallez, ndiye aliyetaka Tintin aende Congo, ili watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao. Hergé mwenyewe alitamani kumpeleka Amerika. Hakuwa amefika Congo, na hakufika. Alichokijua alikitoa katika jumba la makumbusho la Tervuren na katika magazeti na masimulizi ya wakati huo.

Wale wanaosema kitabu hiki ni urithi usioguswa wasahau neno hilo, kwa sababu mchoraji mwenyewe alikigusa zaidi ya mara moja. Katika toleo la kwanza, Tintin anaingia darasani kwa wamisionari na kuwafundisha watoto wa Congo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946, kitabu kilipochorwa upya kwa rangi na kupunguzwa hadi kurasa 62, somo hilo liligeuzwa kuwa hesabu ya kujumlisha. Sura za watoto, hata hivyo, zilibaki zile zile. Kuna pia habari ya faru. Hapo mwanzo Tintin alimtoboa mgongo faru na kumlipua kwa baruti. Wachapishaji wa nchi za Skandinavia walilalamika, na mwaka 1975 Hergé akachora upya ukurasa huo, faru akaenda zake salama. Faru alipata mtetezi mapema kuliko sisi.

Mtetezi wetu alikuja mwaka 2007. Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani aliyekuwa akisoma Brussels, alifungua mashtaka akitegemea sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1981 dhidi ya ubaguzi wa rangi. Aliomba kitabu kisiuzwe tena. Na kama mahakama haiwezi kufika huko, basi angalau kiwekewe onyo na utangulizi, kama ilivyofanywa kwa toleo la Kiingereza. Huko Uingereza, mwaka huo huo wa 2007, tume ya serikali ya usawa wa rangi ilisema maduka yaache kukiuza, na duka la Borders likakihamisha kutoka rafu za watoto kwenda za wakubwa. Maktaba ya Brooklyn, Marekani, ilikifungia ndani ya chumba kwa ufunguo. Anayetaka kukiona lazima aombe kwanza.

Tribinali ya Brussels ilitoa hukumu tarehe 10 Februari 2012. Ilikataa. Ilisema, kwa ufupi, kwamba kitabu kisomwe kulingana na wakati kilipoandikwa, na kwamba haikuonekana kuwa Hergé alikusudia kuchochea chuki. Mwishoni mwa mwaka huo mahakama ya rufaa ikasema vile vile. Wengi hapa kwetu waliokuwa wakifuata habari hiyo walikasirika. Wengine walimcheka Mbutu, wakisema Wakongomani wana shida kubwa kuliko BD ya zamani. Na ni kweli kwamba mjini Kinshasa mafundi wamekuwa wakichonga sanamu za mbao za Tintin kwa miaka mingi na kuziuza kwa wageni.

Kisha, Novemba 2023, wachapishaji wa Casterman walitoa toleo jipya la rangi likiwa na utangulizi wa Philippe Goddin, mtaalamu wa kazi za Hergé, unaoeleza ukoloni wa wakati ule na picha zake. Kile ambacho Mbutu alikiomba kama kitu kidogo cha mwisho kilikuja chenyewe, miaka kumi na moja baada ya kushindwa, bila hakimu kuagiza.

Mimi nilikuwa upande wa ombi lake la pili kuliko la kwanza, na bado niko hapo. Kama mahakama ingekubali kukikataza, PDF ile ingefika Bukavu vile vile, pengine kwa kasi zaidi, na ingefika uchi, bila neno hata moja la kueleza. Ndivyo ilivyofika nyumbani kwangu. Albamu mpya inauzwa Ulaya kwa zaidi ya euro 10. Ni nani hapa atainunua apate utangulizi wake?

Siyo kila kitabu kinachungwa kwa maelezo

Kuna jibu ambalo siwezi kulipita. Mtu wa Kivu anaweza kuniambia: wewe unasema kitabu kiachwe, je, tumesahau maandishi yalifanya nini hapa jirani? Hatukusahau. Katika Rwanda, gazeti la Kangura liliwaita watu majina ya wadudu miaka kadhaa kabla ya mauaji ya 1994. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu mkuu wake, Hassan Ngeze, mwezi wa Desemba 2003, pamoja na watu wa redio RTLM. Hapo sheria ilikuwa na kazi, na ilichelewa. Sisi ambao kila siku tunapokea kwenye simu sauti na picha zinazosema kabila fulani si watu, tunajua tofauti kati ya kitabu kibaya na mwito wa kuua jirani. Mwito wa kuua unahitaji mwendesha mashtaka. Kitabu kibaya kinahitaji mtu mzima aliyekaa karibu na mtoto, na huyo hatumwi na serikali.

Maana serikali, inapopewa kazi ya kuchagua nini kisomwe ao kisikilizwe, huanza na jambo lake lenyewe. Congo ina tume ya kuchunguza nyimbo na maonyesho tangu mwaka 1996, na wanaoitetea husema ni kwa ajili ya maadili na watoto. Novemba 2021 tume hiyo ilikataza nyimbo kadhaa, kati yake Nini tosali te ya kundi la MPR na Lettre à Ya Tshitshi ya Bob Elvis. Zote mbili zilikuwa zikisema juu ya utawala na shida za raia. Watu walipiga kelele, na siku chache tu marufuku ikaondolewa kwa MPR. Lakini kufikia hapo hata watoto wa mtaani kwetu, wasiojua Kilingala, walikuwa wanauimba.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Februari 2023, waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alikataza shuleni vitabu kadhaa vya watoto kwa sababu vinakwenda kinyume na mila na maadili. Kati yake ulikuwa mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney, habari ya mvulana mvivu anayegombana na kaka yake. Wazazi nao wakaombwa kukagua mabegi ya watoto wao. Hapo ndipo ninapojiuliza: mzazi anaombwa kukagua begi, siyo kukisoma kitabu. Ni kazi ya askari wa mpakani.

Na wenzetu walio Marekani wameikuta habari hii mlangoni. Kwa miaka kadhaa, hadi 2024, Congo ilikuwa kati ya nchi za kwanza kabisa kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa huko, na wengi ni watu wa kwetu, wa Uvira, Fizi, Rutshuru, Masisi. Utawakuta Texas, Kentucky, Iowa. Shirika la PEN America lilihesabu zaidi ya matukio 10,000 ya vitabu kuondolewa katika shule za umma katika mwaka wa masomo 2023-2024, na majimbo yaliyoongoza ni Florida na Iowa. Huko Iowa sheria ya 2023 iliagiza kuondoa shuleni vitabu vinavyoeleza tendo la ndoa. Mzazi Mkongomani aliyeokoka na Biblia yake mkononi anaweza kufurahia sheria kama hiyo, nami simlaumu. Lakini huko Florida, mwaka huo huo, mzazi mmoja tu alilalamika, na shairi ambalo Amanda Gorman alilisoma siku Joe Biden alipoapishwa likahamishwa mbali na wanafunzi wa shule ya msingi. Katika fomu ya malalamiko, mahali pa mwandishi, mzazi huyo aliandika Oprah Winfrey. Mtu mmoja, ambaye hakutazama vizuri hata jina kwenye jalada, aliwachagulia watoto wa watu wengine wote.

Nyumbani, mtoto anasoma picha

Turudi hapa. Sisi hatuna haja ya waziri wa kukataza vitabu, havipo. Mtoto wa Kadutu ao wa Bagira anaweza kumaliza shule ya msingi bila kumiliki kitabu hata kimoja kisicho cha masomo. Kurasa za vitabu vya zamani anazokutana nazo sokoni zimefungia karanga. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu mwenye watoto wengi namna hiyo hawezi kumuuliza kila mmoja jana alisoma nini. Halafu vita vimefunga shule, vimefukuza familia, na familia inayokimbia haibebi vitabu. Inabeba simu.

Kwa hiyo simu ndiyo maktaba. Na katika maktaba hiyo hakuna rafu ya watoto na rafu ya wakubwa. Kila kitu kimelala pamoja. Katika vile vitabu ishirini na zaidi vya kundi la wazazi, kulikuwa pia riwaya moja ya kifaransa yenye mambo ya chumbani na damu nyingi. Hiyo nilimwondolea binti yangu bila aibu, na nitafanya tena. Ana miaka tisa. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa mzazi haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wake. Wake, nasema. Sikurudi kwenye kundi kudai watoto wa wengine waondolewe pia. Nilimwandikia tu aliyetuma, faraghani, kwamba labda hakuifungua kabla ya kutuma. Akaniomba msamaha. Hakuwa ameifungua.

Lakini kuna jambo la Tintin ambalo sikulifikiri hadi nilipomkuta binti yangu kwa jirani. Watoto wale watano, wawili tu ndio wanaelewa kifaransa cha kitabu. Katika shule zetu mtoto anaanza kwa Kiswahili, kisha anaingizwa katika kifaransa, na wengi wanaweza kutamka ukurasa mzima bila kujua umesema nini. Sasa mtoto kama huyo anasoma nini katika BD? Anasoma picha. Kile ambacho mahakama ya Brussels ilikiita mambo ya wakati wake, kwake yeye hakina wakati. Hajui 1930. Anaona mzungu mmoja mwenye sura yake mwenyewe, na weusi wengi wasio na sura. Hata ule utangulizi wa 2023, ungekuwemo, asingeuelewa. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayejua kifaransa.

Hapa mzazi asiyejua kusoma si maskini kama anavyofikiri. Wamama wengi husema: mimi sikusoma, nitamuongoza vipi mtoto katika vitabu? Lakini mama huyo anaweza kusema, nionyeshe picha, unisimulie. Akiona jambo, ataliona. Bibi yangu, aliyeweka alama ya kidole kwenye karatasi zake zote, alikuwa akituuliza baada ya kila hadithi ya sungura: na wewe ungekuwa fisi, ungesema nini? Hakuwa anajua kwamba anafundisha kusoma.

Tatizo kubwa zaidi ni muda. Mama anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda kutafuta, papa anarudi usiku amechoka. Kumnyang'anya mtoto simu kunachukua sekunde mbili. Kukaa naye kunachukua saa nzima. Mimi niliyesomea uandishi wa habari, ninayepata mkate kwa kusoma na kuandika, nilichagua sekunde mbili.

Pia kuna lile la kumpa kingine. Hatuwezi kusema Tintin ni mbaya halafu tukamwacha mtoto mikono mitupu. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechora Congo kwa mkono wa Mkongomani. Albamu yake Madame Livingstone, ya mwaka 2014, aliyoitoa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, inasimulia vita vya kwanza vya dunia hapa hapa kwenye ziwa Tanganyika, na kila mtu ndani yake ana uso wake. Ni ya vijana wakubwa kidogo. Kuna vitabu vya Zamenga Batukezanga, vilivyokuwa katika nyumba nyingi za wazazi wetu. Kuna Ngando ya Paul Lomami Tshibamba, ya mwaka 1948, iliyoandikwa miaka kumi na saba tu baada ya albamu ya Hergé kutoka, chini ya koloni ile ile. Kuvipata Bukavu ni kazi. Nimemuuliza rafiki anayekwenda Kinshasa anitafutie Zamenga. Ameniambia atajaribu pale wanapouza vitabu chini, kandoni mwa barabara.

Kundi la wazazi lilipofunguliwa tena, walikubaliana kwamba anayetuma kitabu aandike kwanza mstari mmoja: nimekisoma, kinafaa mtoto wa miaka fulani. Tangu siku hiyo hakuna aliyetuma kitabu. Sijui kama huo ni ushindi wa papa yule ao wa mama yule.

Jumamosi iliyopita nilimwita binti yangu, nikakitafuta tena kile kitabu nilichokifuta, tukakifungua pamoja. Watoto wa jirani wakaja pia, maana kwetu mlango haufungwi. Tulikwenda polepole. Nilimwomba anisimulie yeye kwanza, nami nikanyamaza, jambo ambalo ni gumu kwa mtu wa kazi yangu. Tulipofika darasani kwa wamisionari, akachukua daftari na kuanza kuwachora upya wale watoto. Mmoja akampa misuko ya shangazi yake. Mwingine akamtia miwani. Tintin akamwacha kama alivyo.

Kisha akauliza: "Papa, huyu mwenye kuchora alifikaka hapa Congo?"

"Hapana. Hakufikaka."

"Sasa alituona wapi?"

Nikamwambia kuna jumba kubwa karibu na Brussels, panaitwa Tervuren, ambapo waliweka vinyago vyetu, wanyama wetu na vitu vyetu vingi. Na kwamba mwaka 1897, kabla ya jumba hilo, mfalme Léopold wa Pili aliwapeleka mahali hapo watu zaidi ya mia mbili kutoka Congo ili Wabelgiji waje kuwaangalia, na saba kati yao walifia huko na kuzikwa huko huko. Mtoto mdogo wa jirani akataka kujua kama walikuwa na majina. Nikasema yapo, yameandikwa kwenye makaburi. Wakataka kuyaona yote saba. Simu ilikuwa imebaki na asilimia nne.